Pua ya Tai, Nywele za Simba: Risala ya Kigiriki Iliyodai Kuisoma Tabia Mwilini

Mwenye pua nene kwenye ncha ni mvivu, kwa kuwa ndivyo alivyo ng'ombe. Mwenye pua iliyochongoka ni mwepesi wa hasira, kama mbwa. Pua inayoanza kujipinda palepale kwenye paji la uso ni ya mtu asiye na haya, kama kunguru. Lakini ikijipinda huku imeachana vizuri na paji, mwenyewe ana moyo mkuu, kama tai. Pua bapa ni ya mtu mwenye tamaa ya ngono, na hapo anayeitwa kutoa ushahidi ni kulungu.

Maneno hayo hayakutoka kwa mpiga ramli. Yamo katika risala fupi ya Kigiriki iitwayo Physiognomonica, ambayo kwa karne nyingi ilisomwa kama kazi ya mwanafalsafa Aristotle mwenyewe. Katika toleo la maandishi yake lililochapishwa Berlin mwaka 1831, ambalo wataalamu wananukuu namba za kurasa zake hadi leo, risala hii inaanzia ukurasa wa 805 na kuishia wa 814. Unaimaliza alasiri moja na bado una muda wa kunywa kahawa. Athari yake, hata hivyo, imeishi zaidi ya miaka 2,000, ikapita Baghdad, ikapita Ulaya, na mantiki yake imefika mpaka kwenye Maziwa Makuu kwa namna ambayo haichekeshi.

Kumcheka mwandishi ni rahisi. Mimi mwenyewe nilicheka nilipofika kwenye kulungu. Lakini ukiisoma tangu ukurasa wa kwanza unakutana na jambo linalosumbua zaidi ya ujinga: huyu mtu alikuwa anafikiri vizuri. Aliona makosa ya waliomtangulia, akayataja moja baada ya jingine, akaweka kanuni ya kuyaepuka. Kanuni yenyewe ni nzuri kiasi kwamba mtafiti wa leo angeweza kuitumia. Kisha kanuni ikaachwa mlangoni, na ng'ombe na kunguru wakaingia ndani.

Tuanze na suala la mwandishi, maana hapo pana mkanganyiko. Wataalamu wa leo kwa sehemu kubwa wanakubaliana kwamba Aristotle hakuiandika. Wanaiweka karibu na mwaka 300 KK, miongo michache baada ya kifo chake mwaka 322 KK, mikononi mwa watu wa shule aliyoianzisha Athens. Wengi wanaona pia kwamba ni risala mbili zilizoshonwa pamoja. Ya kwanza inakwenda mpaka ukurasa wa 808. Ya pili inaanza upya hapohapo, na hoja yake ya msingi inasemwa tena kana kwamba hakuna aliyeisema.

Hilo halimsafishi Aristotle kabisa. Katika kitabu chake kuhusu wanyama aliandika kwamba wenye paji kubwa ni wazito, wenye paji dogo ni wepesi wa kubadilika, na wenye paji la mviringo ni watu wa hasira. Risala yetu nayo inasema mwenye paji la mviringo ni mpumbavu, kama punda. Kwa hiyo hata ndani ya nyumba moja hawakuelewana juu ya paji la uso.

Mahali pengine palipo bora zaidi ni katika kazi ya Aristotle ya mantiki, anapozungumzia namna ya kutoa hitimisho kutokana na dalili. Pale anasema kusoma tabia kwa kuangalia mwili kunawezekana, ila kwa masharti: mtu akikubali kwamba hali za asili zinabadilisha mwili na roho kwa pamoja, na akikubali kwamba kila hali ina dalili yake moja. Kisha anauliza swali la mtu makini. Tuseme simba ni shujaa, na tuseme ana viungo vikubwa. Lakini simba huyohuyo anasemekana pia ni mkarimu. Sasa viungo vikubwa ni dalili ya ushujaa au ya ukarimu? Huwezi kujua mpaka umpate mnyama aliye shujaa lakini si mkarimu, uone kama naye anavyo. Zingatia lile neno "akikubali". Aristotle hakusema jambo hili ni kweli. Alisema kama ungetaka liwe kweli, haya ndiyo utakayopaswa kuthibitisha.

Sehemu ya kwanza ya risala imeshika uzi huohuo. Inaanza na hoja ambayo ni vigumu kuikataa: roho na mwili haviishi mbalimbali. Mtu akilewa, mawazo yake hubadilika. Akiugua, vivyo hivyo. Upande wa pili, hofu, mapenzi, huzuni na furaha huonekana mwilini. Zaidi ya hayo, anasema, hajawahi kuzaliwa mnyama mwenye umbo la mnyama mmoja na silika ya mwingine. Na wajuzi wa farasi humpima farasi kwa kumtazama, na wawindaji humpima mbwa vilevile. Kama inawezekana kwa farasi, kwa nini isiwezekane kwa binadamu?

Kisha anawapanga waliomtangulia katika makundi matatu. Wa kwanza walilinganisha watu na wanyama: ukifanana na mnyama fulani, una roho yake. Wa pili walifanya hivyo kwa mataifa: Wamisri wako hivi, Wathrakia na Waskithia wako vile, basi anayefanana nao ana tabia zao. Wa tatu waliangalia sura ya mtu anapokuwa na hasira, hofu au ashiki, wakasema aliye na sura hiyo siku zote ana tabia hiyo siku zote.

Anawakosoa bila huruma. Kwa kundi la kwanza: hakuna mtu anayefanana na mnyama kikamilifu, bali anafanana naye kidogo tu; na dalili nyingi zinapatikana kwa wanyama wengi wa tabia mbalimbali, hivyo hazimwambii mtu lolote. Kwa kundi la tatu ana jibu zuri zaidi: mtu mwenye huzuni ya kudumu anaweza kupata siku moja ya furaha akavaa uso wa mchangamfu, na mchangamfu naye anaweza kupatwa na msiba. Uso wa leo si tabia ya mwaka mzima.

Baada ya hapo ndipo anapotoa kanuni yake. Ukitaka dalili ya ushujaa, usimchukue simba peke yake. Wakusanye wanyama wote walio mashujaa, tafuta kitu ambacho wote wanacho, halafu hakikisha wanyama wasio mashujaa hawana. Kikipatikana hata kwa mwoga mmoja, kitupe. Anaongeza pia kwamba ni upuuzi kutegemea dalili moja. Zikikubaliana nyingi ndipo uwe na imani. Kwa karne ya 4 KK, hiyo ni akili ya kuheshimika.

Halafu unageuza ukurasa na kukutana na orodha. Shujaa ana nywele ngumu, mwili uliosimama wima, mifupa na mbavu na ncha za viungo zenye nguvu, tumbo pana lililolala bapa, mabega mapana yaliyoachana, shingo imara isiyo na nyama nyingi, kifua kipana, jicho lisilokodoka wala kupepesa. Mwoga ana nywele laini, mwili ulioinama, mashavu ya miguu yaliyovutwa juu, rangi iliyofifia usoni, macho dhaifu yanayopepesapepesa, mikono myembamba mirefu, kiuno chembamba, na mtazamo wa chini unaohamahama.

Ukiitazama kwa makini picha ya huyo shujaa, unamtambua. Ni mwanamume huru wa mjini, aliyekula vizuri tangu utotoni na aliyekuwa na muda wa kwenda kwenye uwanja wa mazoezi. Mtumwa aliyeshinda ameinama shambani au mgodini, na aliyejifunza kutomwangalia bwana wake machoni, anaangukia kwenye picha ya mwoga neno kwa neno. Risala haiulizi mgongo wake uliinamishwa na nini.

Orodha inaendelea, na mengine yanafurahisha. Wacheza kamari wana mikono mifupi, na wacheza ngoma pia. Mlafi hutambulika kwa kipimo: umbali kutoka kitovuni hadi kifuani ni mrefu kuliko kutoka kifuani hadi shingoni. (Nina hakika msomaji yeyote wa zamani aliyefika hapo alijipima.) Wenye kumbukumbu nzuri ni wale ambao sehemu zao za juu ni ndogo, laini, zenye nyama ya kutosha. Hakuna mahali hata pamoja ambapo mwandishi anaonyesha amewakusanya wacheza kamari na wasiocheza akapima mikono ya wote.

Sehemu ya pili ndiyo inayopotea kabisa. Mwandishi wake anaamua kwamba mgawanyiko mkubwa kuliko yote katika maumbile ni ule wa dume na jike, na anauweka juu ya wanyama wawili. Simba ni mfano kamili wa udume. Anamweleza kama anayempenda: kinywa kikubwa, uso wa mraba, macho yaliyozama yanayong'aa, paji lenye bonde dogo katikati, likiinamia nyusi kama wingu, mwendo wa taratibu wa hatua ndefu huku mabega yakiyumba. Na roho yake? Mkarimu, mwenye moyo mkuu, mpenda ushindi, mpole, mwadilifu, mwenye upendo kwa wenzake. Chui ndiye mfano wa ujike, ingawa anakubali kwamba ni mnyama jasiri. Ana uso mdogo, macho madogo, umbo lisilo na uwiano, na roho ya uchoyo, wizi na hila. Wanawake, anasema hivyohivyo waziwazi, ni waovu zaidi kuliko wanaume.

Anayeishi karibu na mbuga angekuwa na maswali kadhaa kuhusu uadilifu wa simba. Lakini tazama kilichotendeka kimantiki. Mwandishi hakumchunguza simba akagundua ukarimu. Alianza na mwanamume anayemtaka, akamvika simba sifa zake, kisha akarudi kwa binadamu akisema: angalieni, maumbile yenyewe yanathibitisha. Mnyama amekuwa kioo. Ndiyo maana punda na ng'ombe wanatumika kwa kila shughuli: punda analeta upumbavu kwa paji lake na ufidhuli kwa sauti yake nzito, ng'ombe analeta uvivu kwa pua yake na uzito kwa macho yake makubwa. Mnyama anaitwa pale anapohitajika, anasema anachotakiwa kusema, anaondoka.

Kosa la pili liko ndani zaidi, na ndilo ninaloona limerithiwa na kila aliyefuata. Mwenye vifuko chini ya macho, risala inasema, ni mlevi, kwa sababu aliyekunywa sana hupata vifuko chini ya macho. Mwenye uvimbe juu ya macho anapenda usingizi, kwa sababu anayeamka usingizini kope zake huwa zimevimba. Mwenye nywele zilizosimama ni mwoga, kwa sababu mtu akiogopa nywele humsimama. Kila mara kuna ukweli mdogo wa kupita: ni kweli hofu husimamisha vinyweleo. Kutoka hapo anaruka hadi kwenye umbo la kudumu, kama kwamba aliyezaliwa na nywele za kusimama yuko katika hofu ya maisha. Huo ndio uleule mruko ambao sehemu ya kwanza ilikuwa imeukataza kwa mfano wa mtu mwenye huzuni na siku yake ya furaha.

Yapo pia yanayotuhusu sisi moja kwa moja. Weusi kupita kiasi ni waoga, risala inasema. Ushahidi ni Wamisri na Waethiopia. Weupe kupita kiasi ni waoga pia. Ushahidi ni wanawake. Rangi ya ushujaa lazima iwe katikati. Wenye nywele zilizosokotana sana ni waoga, na hapa tena Waethiopia wanaitwa kizimbani. Kwa Wagiriki, Ethiopia haikuwa nchi ya leo yenye mipaka yake. Ilikuwa jina la jumla la nchi za watu weusi kusini mwa Misri, hasa eneo la Kush. Hiyo "rangi ya katikati" bila shaka ni ya mwandishi na majirani zake. Kote katika sehemu ya pili kanuni ni hii: kitu kizuri kiko katikati, na katikati ni kwetu.

Ajabu ni kwamba hakuhitaji kusafiri kupata ushahidi wa kumpinga. Ulikuwa kwenye vitabu vya Kigiriki vyenyewe. Mshairi Homer aliwaita Waethiopia watu wasio na lawama, ambao miungu huenda kula karamu kwao. Mwanahistoria Herodotus, zaidi ya miaka mia moja kabla ya risala, aliandika kwamba wanasemekana kuwa warefu na wazuri kuliko watu wote. Akasimulia jinsi mfalme wao alivyompelekea Cambyses wa Uajemi upinde mkubwa na ujumbe: siku Waajemi watakapoweza kuvuta upinde kama huu kwa urahisi, ndipo waje kupigana nasi. Cambyses alikwenda, na jeshi lake likashindwa na njaa kabla hata ya kufika. Kwa kanuni ya sehemu ya kwanza, mfano mmoja kama huo ulitosha kuitupa dalili ya rangi. Haukutupa kitu.

Elimu hii ingekuwa imekufa mapema kama isingekuwa na ujuzi wa kuponyoka. Kisa maarufu zaidi ni cha Zopyrus na Socrates, ambacho tumekipata kwa Cicero, mwandishi wa Kirumi. Socrates, kila mtu Athens alijua, alikuwa na pua bapa na macho yaliyotokeza. Zopyrus, aliyejigamba kwamba anasoma tabia mwilini, alimtazama akasema huyu ni mzito wa akili, kwa sababu hana mabonde juu ya mifupa ya bega, na tena ni mpenda wanawake. Alcibiades, rafiki wa Socrates, akaangua kicheko. Ndipo Socrates mwenyewe akamtetea Zopyrus: tabia hizo kweli nilizaliwa nazo, ila nimezishinda kwa kutumia akili.

Kisa hiki husimuliwa kama sifa kwa Socrates, na ni haki. Lakini angalia kilichompata Zopyrus. Alikosea mbele ya watu kuhusu mtu anayejulikana na mji mzima, na akatoka na ushindi. Akibashiri wizi na mtu akawa mwizi, amepatia. Akibashiri wizi na mtu akawa mwaminifu, basi mwizi yumo ndani, amefungwa tu. Hakuna matokeo yanayoweza kumshinda.

Zaidi ya miaka 1,000 baadaye kisa cha namna hiyohiyo kilisimuliwa kwa Kiarabu, safari hii kuhusu mtu ambaye jina lake linajulikana kila msikiti wa pwani yetu: Imam Shafii, aliyefariki mwaka 820, ambaye madhehebu yake ndiyo ya Waislamu wengi kuanzia Lamu hadi Kilwa. Inasimuliwa kwamba alikwenda Yemen kutafuta vitabu vya firasa, yaani elimu ya kusoma tabia kwa sura ya mtu, akavinakili. Akiwa njiani kurudi alipita kwa mtu amesimama kwenye ua wa nyumba yake, macho ya buluu, paji limetokeza, hana ndevu. Kwa mujibu wa vitabu, huyo alikuwa mtu mbaya kuliko wote. Akamwomba mahali pa kulala. Yule mtu akamkaribisha kwa ukarimu wa ajabu: chakula cha jioni, manukato, majani ya mnyama wake, kitanda na shuka. Shafii alilala akigeukageuka usiku kucha, akiwaza afanye nini na vile vitabu. Bila shaka ni vya uongo.

Asubuhi alimwambia mtumishi wake atandike mnyama. Akamuaga mwenyeji na kumwambia, ukipita Makka uulizie nyumba yangu. Mtu akajibu: kwani mimi ni mtumwa wa baba yako? Au una hisani yoyote kwangu? Akaanza kutaja: chakula dirhamu kadhaa, manukato kadhaa, malisho kadhaa, kodi ya kitanda kadhaa. Shafii akamwamuru mtumishi alipe, akauliza kama kuna kingine. Kipo, kodi ya nyumba. Hapo, kisa kinasema, moyo wake ukatulia juu ya vile vitabu.

Ni kisa kitamu, na kimesimuliwa kwa kutaniana zaidi kuliko kwa kufundisha. Hata hivyo kinaonyesha vizuri jinsi imani hii inavyojilisha. Usiku mzima ushahidi ulikuwa kinyume, na vitabu vilikuwa hatarini. Asubuhi ikaleta tukio moja la kuunga mkono, na tukio hilo moja likafuta yote. Wenye nyumba wenye macho meusi na ndevu nzuri waliowahi kudai pesa za kitanda hawakuhesabiwa.

Vitabu vya firasa vilivyozunguka katika ulimwengu wa Kiarabu kwa sehemu vilitokana na Wagiriki. Risala yetu ilitafsiriwa kwa Kiarabu na Hunayn ibn Ishaq, tabibu na mfasiri mkubwa wa Baghdad aliyefariki mwaka 873. Iliyovuma zaidi ilikuwa kazi ya Polemo, msemaji mashuhuri wa karne ya 2 BK huko Asia Ndogo, ambayo kwa Kigiriki asilia imepotea na kwa ukamilifu wake tunaijua kupitia Kiarabu. Polemo alifikisha fani hii pale ilipokuwa inaelekea tangu mwanzo: silaha. Macho ya Kaisari Hadrian, mlezi wake, aliyasifu kwa nuru yake. Mshindani wake Favorinus alimchora bila kumtaja jina, macho, shingo, sauti na mwendo, akamtoa kama mfano wa uovu wote duniani. Hakuna aliyeshindwa kumtambua.

Matumizi mengine yalikuwa sokoni. Mnunuzi wa mtumwa hana muda wa kujua tabia ya mtu. Anataka kuijua kwa kumtazama. Katika karne ya 11 tabibu Ibn Butlan wa Baghdad aliandika risala ya kuwaelekeza wanunuzi wa watumwa, akiwapanga watu kwa mataifa na kuwapa kila mmoja sifa zake za mwili na roho. Wazanji, yaani watu wa pwani ya Afrika Mashariki, wamo. Anawaeleza kuwa kadiri weusi unavyozidi ndivyo ubaya wa sura unavyozidi, na kwamba ngoma na mdundo vimo katika maumbile yao. Kundi la pili la wale waliokosolewa na risala, wanaopima watu kwa mataifa, lilikuwa limepata ajira ya kudumu.

Ulaya nitapita haraka. Risala ilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 13 na Bartholomew wa Messina, kwenye jumba la Mfalme Manfred wa Sicily. Mwaka 1586 Giambattista della Porta wa Napoli alichapisha kitabu chenye picha za nyuso za watu zikiwa ubavuni mwa vichwa vya kondoo, simba na bundi, na picha zikasambaa kuliko hoja. Kati ya 1775 na 1778 mchungaji Johann Kaspar Lavater wa Zürich akatoa majuzuu manne makubwa, akasema uso ni maandishi ya Mungu. Georg Christoph Lichtenberg, mwanafizikia wa Göttingen mwenye kibyongo mgongoni, alimjibu kwa ukali, na katika madaftari yake aliandika kwamba fani hii ikifanikiwa kama Lavater anavyotumaini, watoto watanyongwa kabla hawajatenda makosa yanayostahili kunyongwa. Mwaka 1831 nahodha Robert FitzRoy, mfuasi wa Lavater, alisita kumchukua kijana mmoja kwenye meli ya Beagle kwa sababu pua yake haikuonyesha bidii ya kutosha. Kijana huyo alikuwa Charles Darwin. Na mwaka 1876 Cesare Lombroso wa Italia alitangaza kwamba mhalifu wa kuzaliwa anatambulika kwa taya, masikio na paji.

Hapa kwetu mantiki hii ilifika bila risala. John Hanning Speke, mwaka 1863, alidai kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walitoka Ethiopia, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikuwa namna walivyoonekana. Wakoloni wa Kijerumani, kisha wa Kibelgiji, walilichukua wazo hilo. Urefu ulipimwa, pua zilipimwa, na umbo likaunganishwa na tabia: huyu amezaliwa kutawala, yule kulima. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji nchini Rwanda walitoa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, asiye na kitambulisho alihukumiwa kwa urefu na pua, na wapo Wahutu waliouawa kwa sababu walionekana kama Watutsi.

Kwa nini basi wazo lililoshindwa mara nyingi hivi halifi? Sehemu ya jibu imo vichwani mwetu. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde inatosha mtu kuutazama uso asioujua na kuamua kama mwenyewe anaaminika au la. Ukimpa muda zaidi, uamuzi haubadiliki sana; kinachoongezeka ni uhakika wake. Na watu hukubaliana sana katika hukumu hizo. Kukubaliana huko ndiko kunakodanganya, kwa kuwa watu mia moja wanaweza kuona uso mmoja kuwa wa mwizi, na wote mia wakawa wamekosea pamoja.

Kukubaliana kwetu sasa kumepata mashine. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Shanghai walitangaza programu ya kompyuta iliyodaiwa kutofautisha wahalifu na wasio wahalifu kwa picha ya uso tu, ikipatia takriban mara tisa katika kumi. Waliipa programu picha za wahalifu na washukiwa zilizotoka kwa vyombo vya dola, na picha za watu wa kawaida zilizokusanywa kwenye intaneti. Wakosoaji hawakuhitaji hesabu ngumu. Waliziangalia picha chache zilizochapishwa: wasio wahalifu walikuwa na dalili ya tabasamu, na baadhi wamevaa mashati yenye kola nyeupe, kama mtu anayejitafutia kazi; wahalifu walikuwa wamekunja uso.